Vidonge Vyangu na Kicheko cha Daktari

Daktari aliniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia watatu. Akacheka kidogo, kile kicheko cha kupitia puani, akasema, "Basi mama, kazi umeshamaliza. Pumzika." Akarudi kwenye kompyuta yake, akaandika dawa ileile, akanipangia tarehe ya kurudi.

Nilichokuwa nimemwambia ni hiki: tangu nianze kumeza vidonge vyake, nikiwa na mume wangu sihisi chochote. Sentensi hiyo niliitunga njia nzima kutoka Misugusugu hadi hospitali. Niliipunguzia maneno ya aibu, nikayarudisha, nikayapunguza tena. Mpaka naingia chumbani kwake nilikuwa nimebakiwa na sentensi moja safi ambayo hata mbele ya imamu ningeweza kuisema. Nikaisema. Akacheka. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba na mimi nilitabasamu, nikamwambia asante dokta, nikafunga mlango taratibu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Tunaishi Misugusugu, Kibaha, mimi na mume wangu na watoto, kwenye nyumba ambayo tulihamia kabla haijawekwa dari. Mume wangu ni mtu wa Singida. Anafanya kazi ofisini Dar, anatoka alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia. Mimi ni mtu wa Masaki, Kisarawe. Kwetu ni mihogo na mikorosho, na ndugu upande wa baba wamejaa pande zote za barabara.

Ugonjwa ulinianza bila sababu ninayoweza kuitaja, na hilo peke yake liliwaudhi watu. Sikuwa nimefiwa, sikuwa nimeachwa, kazi ilikuwepo na watoto walikuwa wazima. Nilianza kuamka nimechoka. Kisha nikaacha kula, si kwa kukusudia, nilikuwa tu nasahau kwamba chakula ni kitu mtu anachokitaka. Siku moja niliingia kidato cha pili, nikaandika kichwa cha somo ubaoni, nikashindwa kuendelea. Nilisimama na chaki mkononi nikiwapa wanafunzi mgongo. Walinyamaza wakidhani nafikiri. Machozi yalikuwa yanateremka mpaka kwenye kola. Mkuu wa shule akaja kunitoa kwa upole na kunirudisha nyumbani.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani alisema nina jini. Wifi yangu alisema kwa simu, akidhani sauti haitoki nje, kwamba wanawake wa Pwani wanapenda kulala. Mume wangu, hili nampa haki yake, hakusema kitu. Aliomba ruhusa kazini akanipeleka hospitali. Daktari, kijana niliyemzidi umri, akasikiliza, akauliza maswali ya usingizi na chakula, akasema ni sonona na ina dawa.

Kwenye dirisha la dawa nilipewa vidonge vidogo vyeupe kwenye kifuko cha plastiki kilichoandikwa kwa kalamu: kimoja, kutwa mara moja. Niliambiwa vinaweza kuvuruga tumbo siku za mwanzo na kukausha mdomo, na nisiviache bila kuambiwa. Zaidi ya hapo hakuna aliyesema neno.

Vidonge vilinisaidia. Nalisema hili wazi kwa sababu sitaki mtu achukue hasira yangu akaitumie kuwakataza wenzake kwenda hospitali. Baada ya wiki kadhaa nilianza kusikia harufu ya vitunguu vikikaangwa na kutaka kula. Nilirudi darasani. Nikisahihisha mtihani nilikuta mwanafunzi ameandika kwamba chura hupumua kwa ngozi ya mwenzake, nikacheka peke yangu ofisini mpaka walimu wengine wakaja kusoma. Nilikuwa nimepona, au nilikuwa njiani kupona, na kila mtu aliridhika.

Jumamosi asubuhi watoto wetu huenda madrasa. Saa ile ni yetu, mimi na mume wangu, tangu mtoto wa mwisho alipopata umri wa kuwafuata wenzake. Hatukuwahi kuipa jina wala kuizungumzia. Geti likifungwa, mmoja anafunga mlango wa mbele na mwingine anashusha pazia. Katika ndoa ya watu wawili wanaoonana wamechoka siku tano za wiki, saa hiyo ilikuwa kitu kikubwa.

Jumamosi ya kwanza baada ya kupata nafuu nilifurahi tulipofika kwenye pazia. Nilidhani narudishiwa kila kitu kwa pamoja. Kisha nikangoja. Mkono wake nilijua uko wapi, kama mtu anavyojua kaguswa juu ya blanketi zito. Hakukuwa na maumivu wala karaha. Hakukuwa na kitu. Tukaendelea, nikaendelea kungoja, mwisho yeye akafika na mimi nikabaki natazama feni. Nikajiambia ni mabaki ya ugonjwa. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Na iliyofuata. Hamu yenyewe ikaondoka, na hata nilipojilazimisha kuianza safari sikufika popote.

Ndipo nikaanza kuigiza. Nilizijua sauti, nilikuwa nazitoa miaka yote bila kuzifikiria. Sasa nilizifikiria moja moja na kuzipanga mahali pake. Mume wangu alifurahi. Aliamka akaenda kukaanga mayai huku akipiga mluzi, na mimi nikakaa kitandani nikimchukia kwa mluzi ule.

Inabidi nieleze nilikotoka ili ieleweke kwa nini sikuweza kulipuuza jambo hili kama daktari alivyotaka nilipuuze. Nilipomaliza kidato cha nne nilipelekwa Masaki nikawekwa ndani kama mwali, likizo ile tu, maana baba alikuwa mtu wa shule na hakutaka ipite zaidi. Somo wangu, yaani wa kunifunda, alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Yapo mengi aliyonifundisha ambayo sikubaliani nayo hadi leo, ya kumpigia mume magoti na kuficha njaa yako. Lakini moja alilitilia mkazo bila kupepesa macho: kwamba kitandani mwanamke ana haki yake, kwamba haki hiyo si zawadi ya mume, na mwanamke asiyeipata aseme. Wanawake wazima walilisema mbele yangu wakicheka na kupiga makofi. Niliona aibu wakati ule. Baadaye, nikiwa mke wa mtu, nilielewa kwamba nilipewa kitu ambacho wenzangu wengi wa chuo hawakupewa na yeyote.

Kwa hiyo nilijua kilichopotea. Sikujua tu nani amekichukua.

Nilikuja kujua kwa bahati. Vidonge viliisha dirishani. "Hakuna, mama, kanunue nje," wakasema. Duka la kwanza Kongowe hawakuwa navyo, la pili nalo halikuwa navyo, na wakati huo tulikuwa katikati ya mitihani. Nikajiambia nitavitafuta nikimaliza kusahihisha. Siku zikapita. Kichwa kilikuwa chepesi na usingizi ulikuwa wa vipande vipande, lakini Jumamosi ile, mume wangu aliponishika kiuno tu, mwili wote ukaamka. Nilitaka kulia. Kila kitu kilikuwa pale pale nilipokiacha. Aliniuliza nina nini leo, nikamwambia hamna, endelea.

Mwalimu wa baiolojia hahitaji kuambiwa mara mbili. Nilinunua vidonge Jumatatu kwa sababu niliogopa ugonjwa kurudi, na baada ya muda mfupi ganzi ikarudi na vidonge. Basi nikatunga ile sentensi yangu, nikaenda nayo kwa daktari, naye akaniuliza nina watoto wangapi.

Siku hiyo nikitoka hospitali nilitembea kwa miguu kando ya barabara kuu, sikutaka kukaa na watu. Na kwa mara ya kwanza nilisoma yale matangazo. Yamekuwepo siku zote, kwenye nguzo za umeme, kwenye kuta za maduka, kwenye mashina ya miti: nguvu za kiume, rudisha heshima ya ndoa, mzizi wa siku hiyohiyo, piga simu. Kila nguzo. Barabara nzima ina wasiwasi na wanaume. Magunia ya mizizi yanauzwa, redioni vipindi vinatangazwa mchana kweupe, wanasiasa wanalifanyia mzaha majukwaani na watu wanapiga makofi. Mimi nilitamka sentensi moja, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa, nikaambiwa nipumzike.

Jumapili nikaenda Masaki. Nilimwambia mume wangu naenda kuona wazee, na ilikuwa kweli. Bodaboda alinishusha kwenye uwanja wa shangazi nikiwa mwekundu wa vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo ya kuanika makopa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Za huko Kibaha? Umekonda weye."

"Nimenenepa, shangazi. Nilikuwa nimekonda zaidi."

Nikachukua kisu cha pili nikakaa tukamenya pamoja. Nilipomweleza sikutumia ile sentensi safi. Kwake nilitumia maneno yenyewe. Hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Anakupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke nje?"

"Shangazi, si yeye. Ni dawa."

"Dawa ya sindano inatia ganzi kwenye jino, hiyo nimeiona. Dawa ya kichwa itashukaje mpaka huko?"

Nikamwelezea kadiri nilivyoweza, kwamba hamu nayo inaanzia kichwani, na kwamba dawa inapotuliza kitu kimoja inaweza kutuliza na kingine bila kuombwa. Alisikiliza akinitazama mdomoni.

"Hao waliokupa walijua?"

"Nadhani walijua."

"Na hawakukwambia."

"Hawakuniambia."

Akasema polepole, "Watu wa namna gani hao." Alikuwa mtu wa kwanza kukasirika kwa niaba yangu, na sikujua nilikuwa nalihitaji hilo kiasi gani.

Lakini shangazi ni shangazi. Alipomaliza kukasirikia hospitali alianza kutafuta mtu wa karibu zaidi. "Hata kama ni dawa," akasema, "mwanamume alitakiwa ajue. Mkeo yuko hivi muda wote huo, weye hujui? Miye nilimfunda mke. Yeye nani kamfunda?" Nikamwomba aliache. Nikamwomba tena wakati naondoka, akiwa ananifungia kwenye gazeti majani ya kuchemsha ambayo sikuyataka. Akasema amesikia. Kumbe alisikia tu.

Jumanne mume wangu alirudi mapema kuliko kawaida, jua halijazama. Watoto walikuwa sebuleni na katuni zao. Alinikuta uani nachambua mchele, akasimama na begi lake begani.

"Leo nimepigiwa simu na shangazi yako. Nikiwa kikaoni."

Mikono yangu ikasimama kwenye ungo.

"Ameniuliza kama naijua kazi yangu," akasema.

"Kazi gani?"

"Unaijua ni kazi gani. Anapiga kelele kwenye simu kama yuko shambani, watu wote wanamsikia. Bosi wangu anamsikia." Alivuta pumzi. "Umeenda Masaki kutangaza chumba chetu."

"Nimeenda Masaki kusema ninavyoumwa."

"Unaumwa nini? Si umepona?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote pale uani, ungo mapajani, kwa sauti ya chini kwa sababu ya watoto. Vidonge, ganzi, wiki ile vilipokosekana, daktari na kicheko chake. Nilidhani kicheko cha daktari kingemkasirisha. Hakukisikia. Alikuwa amekwama nyuma.

"Kwa hiyo zile Jumamosi zote ulikuwa unaigiza."

"Zote, isipokuwa ile moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

"Ningejua."

"Ulikuwa umelala juu yangu na hukujua. Ningekuambia kwa njia gani zaidi?"

Najua lilikuwa neno baya na nililitafuta liwe baya. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji, kisha akasema kitu ambacho kwa muda mrefu sikuweza kumsamehe. "Basi ziache hizo dawa. Kama ndizo tatizo, ziache." Alisema kama mtu anayesema zima taa ile. Huyu ndiye aliyenishika mkono kwenda hospitali nikiwa siwezi kufunga vifungo vya blauzi yangu. Aliniona nilivyokuwa. Na sasa kwa kuwa heshima yake imeguswa mbele ya bosi, yuko tayari nirudi kule.

Niliingia ndani, nikachukua kifuko cha vidonge, nikavimwaga chooni mlango ukiwa wazi ili avione, nikavuta maji.

Haikuwa akili. Ilikuwa hasira, na hasira nilikuwa nayo ya kutosha nyumba tatu. Siku za mwanzo kila nikigeuza macho ghafla nilihisi kitu kama shoti ya umeme ndani ya kichwa. Nilitapika. Nilifokea wanafunzi kwa makosa ya kawaida. Mwili nao ukarudi, kama nilivyojua utarudi, na hapo ndipo ilipo dhihaka yenyewe: mume wangu alikuwa amehamia sebuleni. Jumamosi geti lilifungwa, watoto wakaenda, hakuna aliyeshusha pazia. Nilikuwa na hamu yangu yote, nzima, na mtu wa kuwa naye alikuwa upande wa pili wa ukuta anatazama mpira wa marudio.

Kisha ugonjwa ukarudi. Haukuja ghafla. Chakula kilianza kupoteza ladha, kisha sauti za watoto zikaanza kunifikia kwa mbali. Asubuhi moja binti yangu mkubwa alinikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi. Akaniuliza, "Mama, nikuvalishe?" Akapiga magoti akanivalisha. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshavaa vya kazini. Alipiga simu ofisini, akanisaidia kuvaa vilivyobaki, tukaenda hospitali.

Kliniki ya magonjwa ya akili pale ina daktari mmoja tu, kwa hiyo ilikuwa ni kwa yuleyule. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, mwenye maneno mengi. Alituambia, bila kuulizwa na bila kupunguza sauti, kwamba anahudhuria pale muda mrefu kwa sababu ya ajali aliyoiona njiani ambayo haikumtoka kichwani. Dawa zinamsaidia, akasema. Hizi za sasa. Zile za mwanzo hazikufaa.

"Hazikufaa vipi, baba?" nikamuuliza.

Alimtazama mume wangu kwanza, kama kuomba ruhusa. "Mambo ya ndoa," akasema. "Zilinimaliza kabisa. Nikamwambia dokta, kijana wangu, hapa sikubali. Siku hiyohiyo akanibadilishia. Mtu mzuri sana yule."

Nilimgeukia mume wangu. Nilikuwa mgonjwa, nilikuwa siwezi hata kushika kikombe bila kumwaga, lakini kitu kilisimama ndani yangu kikiwa kimenyooka. Mume wangu naye alikuwa amesikia.

Nilipoitwa aliinuka akaingia na mimi. Hakuwahi kuingia kabla.

Daktari alifungua faili langu kwenye kompyuta. "Mama, naona hukuja tarehe yako. Uliacha dawa?"

"Niliacha."

"Nilikuambia usiache."

"Na mimi nilikuambia kitu. Unakikumbuka?"

Hakukikumbuka. Nilimwona akitafuta kwenye kioo, na kwenye kioo hakukuwa na kitu kwa sababu hakukiandika. Nikakirudia, safari hii bila kukisafisha. Nikamwambia mwanamume anayekuja na shida hii hii anabadilishiwa dawa siku hiyohiyo.

"Habari za wagonjwa wengine hatuzungumzi hapa," akasema.

"Basi zungumza ya kwangu."

Alijisogeza kwenye kiti. "Mama, unajua, kwa mwanamume ni tofauti. Kwake ni kitu kinachoonekana. Kwa mwanamke huwezi kujua, kuna uchovu, kuna watoto, kuna mawazo."

"Siku ya kwanza nilikuja hapa nikakwambia sina hamu ya kula," nikasema. "Ukaniamini. Ukaandika. Hamu ya chakula uliiona wapi?"

Mume wangu alikuwa anatazama vigae vya sakafu. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Dokta, mwenzangu anakuuliza."

Daktari akavua miwani akaipangusa kwa koti lake. "Ni kweli," akasema. "Zinafanya hivyo. Si kwa wote, lakini kwa wengi. Kwa wanawake pia."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikiwaambia mapema hamtazimeza, mwalimu." Ghafla nilikuwa mwalimu. "Mtu akija na hali uliyokuja nayo, cha kwanza ni azimeze."

"Nimeacha kuzimeza hata hivyo. Nimeacha peke yangu, vibaya, bila mtu wa kumuuliza, kwa sababu wa kumuuliza alinicheka."

Akageuzia macho kwenye kompyuta. Nadhani aliona haya, na sikutaka kumwondolea. Wengine wakiniambia yule ni kijana, kliniki imejaa, ana watu hamsini wa kuona kabla ya chakula, nawaambia ndiyo, yote ni kweli. Lakini muda wa kucheka aliupata. Kusema "hii inatokea, ikikutokea njoo" kungemchukua muda uleule.

Tulizungumza vizuri baada ya hapo, kama ilivyotakiwa tuzungumze mwanzo. Alinieleza kuna njia kadhaa: kupunguza dozi, kusubiri kuona kama mwili utazoea, au kubadilisha dawa. Akanionya kwamba kila njia ina shida yake na hawezi kuniahidi. Tulichagua kubadilisha. Dawa mpya haipatikani dirishani pale kila mara, na ilinitia usingizi mzito mwanzoni na kunifanya nile kama mtu aliyetoka mfungo. Vazi langu la harusi ya mdogo wangu ilibidi lifumuliwe pembeni. Lakini kichwa kimetulia. Na hamu imerudi, si yote, si kila mara. Kuna Jumamosi inakuja vizuri na kuna Jumamosi naliona lile blanketi. Siigizi tena. Nikiwa sipo nasema sipo, tunalala tu, au tunaamka tunakaanga mayai.

Mume wangu alirudi chumbani wiki ileile ya hospitali. Hakuomba msamaha kwa maneno na mimi sikumsaidia kuyapata. Siku moja tukiwa tunaanua nguo alisema, "Sikujua." Nikamwambia, "Hukuuliza." Akakunja shuka lote hadi mwisho, pembe kwa pembe, ndipo akasema, "Nitauliza." Na huwa anauliza. Mwanzoni aliuliza vibaya, kama mtu anayekagua gari, nikamkasirikia kwa hilo pia. Sasa ameshajua. Yeye na shangazi bado hawajaelewana. Shangazi akipiga simu, yeye anampa mtoto apokee.

Watu wanaonijua wanasema ningeshukuru tu. Nimepona, mume nimebaki naye, dawa ilipatikana. Nashukuru. Hasira yangu haiko kwenye dawa, wala haijaisha kwa sababu mambo yamekwenda vizuri. Nawafikiria wanaokaa kwenye benchi lile wakiwa wamebeba sentensi yao na hawakupelekwa Masaki kwa shangazi akawaambia waseme. Wengi wao hata hawajui kwamba ni vidonge. Wanadhani wameisha, au hawawapendi tena waume zao, au wamerogwa. Wanaachana na watu wao. Au wanaacha dawa kimyakimya na kurudi kule nilikorudi mimi, na si kila nyumba ina mtoto wa kuuliza kama akuvalishe soksi.

Muhula huu amekuja mwalimu mpya wa jiografia, binti mdogo, ndiyo kwanza ametoka chuo. Nilimwona ofisini anameza kidonge na chai, nikakijua kifuko na mwandiko. Nikasubiri walimu wengine watoke, nikasogeza kiti. Nikamwambia mimi pia, na kwamba vinasaidia, avumilie. Akatabasamu, akashusha pumzi. Kisha nikamwambia vinaweza kumwondolea hamu, vikamwondolea na kuhisi, na kwamba likitokea asiviache mwenyewe, aende akaseme, na akichekwa aseme tena.

Aliangalia mlangoni, uso umemshuka kwa aibu. "Lakini dada," akasema, "mimi sina mume."

Nikamwambia sikumuuliza habari ya mume.